Geti la Sabato

Osiri, Migori
Jumapili, 4 Juni 2023

Nyamera Lynnet, dada yangu,

Zile salamu ndefu za insha ya darasa la sita nimeziruka. Niko hai, meno yote yako, na mkono unaoandika hauna jeraha. Ule wa kushoto umeshonwa nyuzi saba, lakini usimwambie mama.

Najua unashangaa, barua ya karatasi mwaka huu wa simu. Gordon, mwenye shimo letu, amekusanya simu za wachimbaji wote akazifungia sandukuni. Anasema kuna mtu kati yetu anayewapigia watu wa Nyangau kuwaambia mshipa wa dhahabu umeelekea wapi. Kwa hivyo barua utaletewa na Filister, yule mama wa kisiwa cha Mfangano anayeleta dagaa wa omena hapa kila wiki. Akija anapitia Homa Bay na akirudi vilevile. Barua ikinuka, sababu ni hiyo.

Nyangau ana shimo lake ng'ambo ya barabara. Jumanne watu wake walichimba chini kwa chini mpaka wakatoboa handaki letu. Mimi nilikuwa huko ndani nafunga balbu. Ukuta ulianguka, nikaona taa za kichwani kumi na kitu zinaniangalia, na kabla mtu hajauliza habari yenu nyundo zilikuwa zimeanza kazi. Handaki lenyewe ni la kuinama, hata kurudi nyuma ni taabu. Unapiga mradi umeona taa ambayo si ya mwenzako. Walipoondoka, mlinzi wetu Willis alikuwa anatafuta kipande cha sikio lake kwenye matope kwa tochi. Hakukipata.

Kazi yangu bado ni ile ya jenereta, pampu za maji na taa. Nasaidiana na Japheth Omosa, Mkisii mmoja mpole ambaye mke wake, Bonareri, ndiye anatupikia kambini. Juzi Japheth alishika waya iliyochubuka, zile nyuzi mbili kwa pamoja, stima ikamrusha mpaka ukutani. Siku iliyofuata mwingine akashika waya moja peke yake, akacheka. Sasa wewe unasomea haya mambo kwa vitabu, mimi nilifundishwa kwa kupigwa. Hebu waulize walimu wako stima ya kuua mtu ni kiasi gani. Sitaki kumzika Japheth.

Kaka yako,
Jared


Homa Bay
Jumapili, 11 Juni 2023

Omera Jared,

Barua yako ilifika ikinuka mpaka wenzangu wa hosteli wakauliza nani anapika omena. Nyuzi saba, halafu nisimwambie mama! Sabato iliyopita mama alisimama kanisani Oyugis akakuombea kwa jina, na hapo hajui hata nusu.

Swali lako nililipeleka kwa Mwalimu Nyarangi, anayetufundisha saketi na vipimo. Huyo mama hajawahi kujibu swali maishani mwake. Aliniambia kitu kinachoweza kupimwa hakiulizwi, kinapimwa, akatutolea mita. Basi darasa zima tukashika zile ncha mbili za mita, mmoja mmoja, tuone mwili unaizuia stima kiasi gani. Mikono yangu mikavu ilisoma ohm laki nne. Ya Irine, ninayekaa naye chumba kimoja, ilipita milioni. Tukamcheka kwamba ameshika jembe mpaka amekuwa mpira. Kisha tukachovya mikono kwenye maji ya chumvi, namba ikaanguka mpaka elfu kumi na nane.

Hapo Mwalimu akatunyamazisha. Alisema mita hutumia betri ndogo, na ngozi inajidai mbele ya betri. Mbele ya volti mia mbili na arobaini ngozi inapasuka, na chini ya ngozi sote ni maji ya chumvi, ohm elfu moja tu. Akaniita ubaoni nipige hesabu. Nilipata stima ambayo sehemu yake ya kumi ingetosha kuuvuruga moyo. Nilipewa alama zote, Jared. Ningekuwa nawe pale ungenipigia makofi.

Na huyo aliyecheka, stima haikupata njia ya kurudi ilikotoka. Stima ni lazima irudi nyumbani. Ikikosa njia, haikufanyi kitu. Funga viungo vyote vya waya upya, na Japheth asishuke bila gambuti zisizo na tundu.

Sijasahau kwamba wewe ndiye uliyeshuka shimoni ili mimi nikae darasani. Uliza lolote, wakati wowote.

Dada yako,
Lynnet


Osiri
Jumapili, 25 Juni 2023

Nyamera,

Wiki hii wametumia petroli.

Ilikuwa asubuhi, watu wanakunywa chai. Watu wa Nyangau walitoka upande wa mahindi na mitungi, wakamwaga shimoni, wakatupa kiberiti. Chini walikuwa wanne. Watatu walitokea shimo la pili wakikohoa. Wa nne, Monari, tulimvuta kwa kamba ya winchi, na alipofika juu ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye kamba. Mimi ndiye niliyeishika kamba hiyo. Alizungumza vizuri kabisa njia nzima mpaka hospitalini, akauliza hata mpira ulivyoisha. Alhamisi akafa.

Gordon hakulia. Alienda Migori mjini akarudi na geti la chuma juu ya pikapu, tukaliteremsha vipande vipande na kulichomelea pale ukuta ulipotobolewa. Maji ya handaki hapo yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Sasa mwalimu wangu, maswali mawili. Mtu akiwa peku majini na ameshika chuma kwa mikono miwili, zile ohm zako elfu moja zinabaki elfu moja au zinashuka? Na inachukua muda gani? Halafu hii jenereta yetu, nikishika waya moja nikiwa nimesimama kwenye matope hainirushi. Hiyo njia ya kurudi inapotelea wapi?

Ni maarifa tu.

Jared


Homa Bay
Jumapili, 2 Julai 2023

Jared,

Poleni kwa Monari. Nimemlilia na sikumjua.

Lakini maswali yako sitayajibu. Geti la chuma, maji ya vifundoni, mikono miwili, muda gani. Unataka kuliwekea geti stima. Nilichovya mikono yangu kwenye chumvi nikidhani namwokoa Japheth, kumbe unanipima mimi unione nitafika wapi.

Atakayeshika hilo geti ana mama aliyesimama kanisani akamwombea kwa jina. Acha hiyo kazi. Panda gari urudi Oyugis ulime. Nikikosa masomo, nikose.

Lynnet


Osiri
Jumapili, 9 Julai 2023

Nyamera,

Umenisema na nimesikia. Sasa nisikize na mimi.

Nusu ya watu wetu ni Wasabato kama sisi. Jumamosi wanaenda kanisani, shimo linabaki na watu sita, na Nyangau anajua kalenda kama mchungaji. Safari hii baya kubwa wanalolipanga wanalingojea Sabato. Gordon alinisimamisha mbele ya Japheth na Willis akasema: "Geti liwe na stima kabla ya Sabato, ama wewe nikuteremshe bila kamba." Shimo lina futi mia moja na kitu. Si mtu wa kutania.

Kutoroka siwezi, barabarani kuna vijana wake. Nimejaribu kuliwekea lile geti stima mwenyewe na haishiki. Nikishindwa ataleta fundi mwingine kutoka mjini, geti litaua vilevile, na mimi nitakuwa chini ya shimo. Unaniambia aliye ng'ambo ana mama. Monari alikuwa na mama, nilimsikia akimwita njiani.

Nisaidie, Lynnet. Nakuomba kama mtu aliyekubeba mgongoni.

Jared


Homa Bay
Jumatano, 12 Julai 2023

Kaka Jared,

Nimefikiri siku mbili. Sikiza kwa makini, ufanye hivi na usibadilishe kitu.

Chukua waya moja ya jenereta uifunge kwenye geti. Ya pili izungushie tepu vizuri uiache ndani ya kisanduku, isiguse popote. Kuna mafundi watakuambia upige nondo ardhini karibu na jenereta, ile wanayoiita athi, uunge waya wa pili hapo. Usithubutu. Udongo wa Osiri una madini mengi, utainyonya stima yote na kuunguza jenereta, na Gordon atakuua kwa hilo.

Ukimaliza, weka ncha moja ya mita kwenye geti na nyingine kwenye matope. Ukiona mia na kitu, geti liko tayari. Mwonyeshe Gordon namba hiyo.

Weka na kibao cha hatari upande ule mwingine, angalau.

Lynnet


Osiri
Jumapili, 16 Julai 2023

Nyamera,

Tumefunga. Mita imesoma mia moja na kumi na mbili, Gordon ameona kwa macho yake. Jana Sabato hawakuja.

Nimepoteza jino moja la mbele, ajali ya kazi. Asante kwa msaada. Kichwa chako kweli ni cha chuo.

Jared


Homa Bay
Jumanne, 25 Julai 2023

Omera,

Filister amefika leo. Anasema Jumamosi kulikuwa na vita Osiri, aliona watu wawili wakibebwa juu ya milango, wamefunikwa. Wewe hakukuona, lakini anamjua anayejua ulipo, na barua hii itakufikia.

Kuna jambo nilikuficha, nalisema sasa kabla halijanichoma. Geti nililokupa halikuwa na stima ya kumdhuru mtu. Jenereta ndogo kama yenu, bila ile nondo ya ardhini, stima yake haina njia ya kurudi. Mtu angeshika geti siku nzima na asihisi kitu. Na ile mia na kumi na mbili ni namba hewa. Mwalimu alitufundisha muhula uliopita kwamba mita za dijitali ni nyepesi mno, zinasoma volti ambazo haziwezi kuwasha hata balbu. Udongo wa madini niliutunga. Nilitaka Gordon aone namba, wewe ubaki hai, na asife mtu.

Kwa hivyo hao wawili hawakufa kwa geti, haiwezekani. Ni panga au nyundo, na hilo si lako wala si langu. Ila kama geti liliwapitisha wakakuumiza wewe, basi mimi ndiye niliyekuumiza, na sijui nitaenda wapi na hilo. Niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Lynnet


Mfangano
Jumanne, 1 Agosti 2023

Nyamera,

Niko kwa mjomba wa mama. Sikuumizwa.

Nilijua umenidanganya. Nilijua tangu Ijumaa ya tarehe kumi na nne, siku mbili kabla ya kukuandikia asante.

Gordon hakuiamini namba. Sisi wa shimoni hatuamini mita, tunaamini mnyama. Alileta mbuzi, akamfunga kwenye geti kwa waya, miguu yote ndani ya maji, na watu wakajaa kuangalia. Nikawasha. Mbuzi akasimama anacheua. Akajikuna pembe kwenye geti. Watu walianza kucheka, halafu wakanyamaza kwa sababu Gordon hacheki. Alinipiga kwa mpini wa sepetu mdomoni, na nilipoanguka akanipiga tena mgongoni, akatangaza mbele ya wote kwamba yule mpigia Nyangau simu ni mimi. Mtu akishaitwa hivyo kule, jioni haioni.

Nikiwa pale chini natema damu nilikumbuka ulivyosema kwamba stima ni lazima irudi nyumbani. Nikachukua balbu, waya moja kwenye geti, nyingine kwenye matope. Haikuwaka. Nikajua umenizunguka. Lynnet, nilikukasirikia wewe kuliko Gordon. Yeye alinipiga tu, wewe uliniona mjinga. Nikachukua nyundo nikaipiga ile nondo uliyonikataza mpaka ikazama ardhini, nikaiunga na waya wa pili. Balbu iliwaka nyeupe. Mbuzi hakupata hata nafasi ya kulia. Tulimla jioni hiyohiyo.

Walikuja Sabato ya tarehe ishirini na mbili, saa tano asubuhi. Nyimbo za wenzetu kanisani zilikuwa zinasikika. Gordon akaniambia washa, nikawasha, nikamwacha Japheth juu kwenye jenereta, nikashuka. Siku hiyo hakuna aliyenishikia panga. Nilimfikiria Monari, nikawasha kwa roho safi, nataka ulijue hilo.

Wa kwanza alikuwa Paul. Tulikuwa tukicheza naye mpira kabla ya haya mambo. Alilishika geti kwa mikono miwili alitikise. Hakupiga kelele, alitetemeka tu, na taa ya kichwa chake ikawa inatetemeka juu ya ukuta. Mjomba wake akamshika kiunoni amvute, naye akabaki hapohapo. Walio nyuma yao walidhani hao wawili wanalisukuma geti kwa nguvu. Walikuwa wanawashangilia. Wanawashangilia, Lynnet, wanasema sukuma, sukuma. Mimi upande huu napiga kelele zima, zima, na hakuna anayenisikia.

Japheth ndiye aliyesikia. Aliruka kwenye jenereta akazima. Lakini ilikuwa imeshapita, na watu wengine wa Nyangau walikuwa wamezunguka kwa juu, wakamkuta mkono uko kwenye swichi. Gordon alikuwa ameshaondoka na pikapu. Nilipotoka kwa ngazi ya shimo la pili niliona wanamburuta Japheth, wanamkatakata mguu, na yeye anasema nilikuwa nazima, nilikuwa nazima. Nikapita nyuma ya jiko la Bonareri nikaenda zangu. Sina la kuongeza hapo.

Polisi waliwahi kumtoa mikononi mwao. Yuko rumande, ameandikwa kuwa ndiye fundi wa geti aliyeua watu wawili.

Sasa sikia. Barua zako zote nimezirudisha pamoja na hii. Zile za awali ndizo tu nilizobeba nilipokimbia, na mkono umekataa kuzichoma. Zichome wewe, zako na zangu. Zangu zinanifunga mimi na zako zinakufunga wewe, kwa sababu hesabu ya ubaoni ni yako. Zikiisha, hakuna karatasi duniani inayosema nani alipiga ile nondo. Japheth watamwachilia wakikosa ushahidi. Wewe umebakisha muhula mmoja tu.

Kaka yako,
Jared


Homa Bay
Jumanne, 8 Agosti 2023

Omera Jared,

Barua yako niliipata Alhamisi, na jioni yake nilienda nyuma ya hosteli na kiberiti. Sikufichi, nilitaka kuzichoma. Upepo wa ziwa ulizima njiti tatu. Nikajiambia nitarudi kesho.

Kesho yake asubuhi mlinzi wa chuo akaniita, kuna mgeni. Alikuwa Bonareri. Mkono wake wa kulia umefungwa kwa leso shingoni. Siku ile ya Sabato, baada ya wewe kupita nyuma ya jiko lake, walilichoma hilo jiko na kumvunja mkono kwa rungu alipojaribu kutoa magodoro. Filister alimwambia una dada hapa. Habari ya barua hakuijua.

Alinieleza hali ya Japheth. Mguu umeanza kunuka. Humo rumande kuna binamu wawili wa Paul, na wanampiga kila siku kwa zamu, mmoja asubuhi na mwingine baada ya chakula. Yeye anarudia maneno yaleyale na hakuna anayeyaandika. Kisha Bonareri akaniangalia akasema: "Sikuja kukulaumu. Natafuta mtu mmoja tu wa kusema mume wangu alikuwa anazima."

Nilimwambia sijui ulipo. Nilimnunulia chai, akainywa kwa mkono wa kushoto, akanishukuru kwa chai hiyo, akaondoka. Hilo la kunishukuru ndilo lililonimaliza.

Unasema nilikuona mjinga. Sikukuona mjinga hata siku moja. Nilikuona unakaribia kuwa muuaji, nikakuambia mara moja, na mara ya pili nikakosa ujasiri. Nilipaswa kupanda gari nije Osiri nisimame juu ya shimo nipige mayowe mpaka polisi waje. Badala yake nilikaa kitandani hapa nikakutungia uongo mzuri wenye namba ndani yake. Nikamdanganya fundi kwa mambo ya ufundi. Nani kati yetu alikuwa mjinga? Hao watu wawili wamekufa kwa stima yako na kwa hesabu yangu, na Japheth hakuweka hata msumari.

Jana nilizipeleka barua zote kituo cha polisi. Zako na zangu, kwa mpangilio wa tarehe. Afisa alizisoma mbele yangu kwa muda mrefu, akaniuliza kama naelewa kwamba jina langu limo. Nikamwambia naelewa. Ile yako ya mwisho ina jina la kisiwa pale juu. Makasi nilikuwa nayo mkobani, na sikulikata.

Mwalimu Nyarangi nimemweleza. Aliniuliza mbona swali la waya iliyochubuka nilimletea na la geti sikumletea. Mtihani unaanza wiki ijayo na hajui kama nitaruhusiwa kuketi.

Mama nimempigia. Aliuliza kama unakula. Halafu akauliza Japheth ni mtoto wa nani, na kama mama yake yu hai.

Filister anavuka kesho asubuhi na barua hii. Polisi wamesema boti yao ya kukufuata itapatikana Alhamisi. Kwa hivyo una siku moja. Najua kwamba kutoka hapo mtu anaweza kufika Uganda kwa mtumbwi wa injini, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Ukienda, sitakufuata, na hakuna ninachoweza kukufanya. Mimi nimekwisha kufanya langu, na nalia ninapokuandikia hivi kwa sababu nakupenda na sijaacha.

Lakini wewe ndiye mtu mmoja anayetafutwa na Bonareri. Barua zinasema, ndiyo, ila afisa aliniambia wakili yeyote atadai tumezitunga. Aliyekuwa chini akipiga kelele zima ni wewe. Aliyemwona Japheth akiburutwa ni wewe.

Alhamisi nimeitwa tena kituoni saa mbili asubuhi kumalizia maelezo yangu. Nitafika mapema na nitakaa kwenye benchi la nje, upande wa lango. Njoo kwa miguu yako mwenyewe, Jared, kabla hawajakuleta.

Dada yako,
Lynnet